Tairi la Kushoto

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni fundi magari, na watu wote wanamwita Masikio. Si kwamba ana masikio makubwa, ingawa madogo nayo si. Walimwita hivyo kwa sababu gari likifika gereji linalia, yeye hakuwa na haja ya kufungua kitu. Alifunga mdomo, akainamisha kichwa, akasikiliza, kisha akataja ugonjwa. Nimeona madereva wakicheka mwanzoni na kunyamaza baadaye. Miaka ishirini na ushei alikuwa akipata riziki yake kwa masikio hayo.

Mimi ni mtu wa kushuku. Muuza nyama akinipimia harakaharaka, namwambia arudie. Mtu akinisifia nguo, najiuliza anataka kuazima nini. Mume wangu alikuwa akinicheka, akisema mtu akinipisha njiani ninageuka nyuma kutazama kama kaniibia. Kwa hiyo nikisimulia habari hii, mjue sisimulii kujisafisha.

Mume wangu aliniachia mabinti wawili, nyumba ya vyumba vitatu, na pikapu kuukuu ya kijivu. Siku ya tatu baada ya mazishi, Masikio alinikuta uani naosha vyombo. Alikohoa, akasema, "Shemeji, ile pikapu ukiichoka, usimpe mtu kabla hujaniambia mimi." Kisha akaenda zake. Mikono yangu ilibaki ndani ya maji. Udongo wa kaburi la kaka yake haujakauka, naye keshaanza kuitolea macho pikapu. Maneno hayo niliyaweka rohoni, na kila alipokuja kutujulia hali nilikuwa nikiyakumbuka kabla sijaitikia salamu.

Pikapu sikuichoka. Nilijifunza kuendesha, nikashika kazi ya mume wangu, na nadhani sasa naifanya vizuri kuliko yeye, Mungu amrehemu. Kila asubuhi napanda kilimani kwa wafugaji wadogo, nakusanya maziwa yao kwenye madumu, nateremka nayo hadi kituo cha kupozea maziwa mjini. Mteremko ule ni mrefu, una kona saba, na kwenye kona ya nne hakuna ukingo. Ukikosa hapo, utaokotwa bondeni. Nyumba yetu yote inaishi kwa mteremko huo.

Kelele zilianza siku moja nikiwa kwenye kona ya pili. Sauti ya kusaga, nzito, kama mtu anatafuna changarawe chini ya miguu yangu. Nilipopunguza mwendo ikapungua. Nilipokata kona kulia ikazidi, na nilipokata kushoto ikawa kama imekwenda kulala. Nikazima redio, nikafungua dirisha, nikafika kituoni roho mkononi. Mpokea maziwa aliniuliza kama ninaumwa.

Nikampelekea Masikio pikapu. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya kona. Alinipungia mkono. "Kona niachie mimi, shemeji. Dereva anasikia kwa hofu, fundi anasikia kwa sikio." Akapanda kiti cha abiria, kushoto kwangu, tukazunguka mtaa mara mbili. Alikuwa amefumba macho. Tuliporudi akasema, "Kulia mbele. Beringi." Beringi ni ile pete yenye vigololi vya chuma ndani yake, inayofanya tairi lizunguke bila kusuguana. Vigololi vikichoka, vinaanza kusagana. Vikifa kabisa, tairi linaweza kukwama ghafla au kuchomoka na kwenda zake.

"Mimi nimesikia kama kushoto," nilisema.

"Ndani ya gari sauti inarukaruka. Ngoja nikuonyeshe."

Akainua pikapu kwa jeki, akachukua kipande chake cha mpira wa maji, kirefu kama mkono. Mwisho mmoja aliuweka karibu na kitovu cha tairi, mwisho mwingine sikioni, akazungusha tairi kwa mkono. Tairi la kulia alilisikiliza kwa sikio la kulia. Kisha akazunguka upande wa pili, na hapo akahamisha mpira akauweka kwenye sikio la kushoto. Nikamuuliza kwa nini anahamisha.

"Kila tairi na sikio lake," alisema. "Fundi aliyenifundisha ndivyo alivyokuwa akifanya. Nilipochanganya alinipiga mguuni kwa spana. Sikio likizoea upande mmoja, linajua sauti zake, halidanganyiki." Akazungusha tairi la kushoto, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hili zima kabisa. La kulia ndilo linakwaruza."

Akabadilisha beringi ya kulia. Nikamshukuru, nikaenda.

Kesho yake, kona ya pili, kelele ileile.

Nilirudi nimenuna. Masikio alisikiliza tena, akavua tena, akaigeuzageuza ile beringi mpya mkononi. "Wameniuzia feki," alisema. "Siku hizi boksi zuri, ndani takataka." Akatafuta nyingine, akaiweka bila kunidai kitu. "Hii ni juu yangu, shemeji." Hapo machale yakaanza kunicheza. Mtu akinipa kitu bure, mimi huanza kutafuta anachokifukuzia. Wakati anakaza nati za mwisho akaniuliza, bila kunitazama, "Nikuulize kitu, usikasirike. Hili gari kuna mtu unamwazima?"

"Nani nimwazime?"

"Sijui. Naona tu linachoka haraka. Na wewe siku hizi huniambii mambo."

Nilimjibu kwamba mambo yangu yapo palepale yalipokuwa, na kwamba pikapu ninaiendesha mimi na hakuna mwingine. Niliona hajaamini. Kumbe naye alikuwa na shaka zake. Nikajiambia, mtu mwenye shaka na wewe bila sababu, sababu anayo yeye.

Kelele hazikuisha. Siku ya nne zilikuwa hata kwenye barabara tambarare. Nikapita kwa muuza spea, mzee mmoja anayefunga miwani yake kwa uzi, nikajifanya nauliza habari za mtu mwingine. Nilimweleza sauti inayozidi ukikata kona kulia.

"Kushoto hiyo," alisema, akiendelea kupanga maboksi yake. "Ukikata kulia, uzito wote unaegemea kushoto, na beringi mbovu inalia ikilemewa. Muulize shemeji yako. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Nilitoka pale damu inachemka. Kumbe anajua. Anajua tangu siku ya kwanza nilipomwambia habari ya kona, akanipungia mkono. Anavua kulia, anafunga kulia, mara ya kwanza, mara ya pili, na tairi bovu analiacha palepale nikateremke nalo kilimani na maziwa ya watu. Kwa nini? Jibu nilikuwa nalo tangu siku ile ya vyombo. Anataka niichoke. Pikapu inilie, initie kiwewe, mpaka siku moja nije mwenyewe kumwambia shemeji, chukua.

Kesho yake asubuhi nilisimamisha gari chini ya mteremko kabla ya kuingia mjini, nikashuka, nikaweka kiganja karibu na kitovu cha tairi la kulia. Kilikuwa na joto la kawaida. La kushoto sikuweza hata kulisogelea. Joto lilinipiga usoni, na grisi ilinuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Niliwafikiria mabinti zangu wakiletewa habari shuleni. Niliogopa, halafu nikachukia, na chuki ikanipa nguvu ya kuendesha taratibu mpaka kituoni, na kutoka kituoni mpaka gereji.

Gereji ya Masikio ni uwanja wenye bati upande mmoja, na upande wa pili yupo fundi wa kuchomelea, wanayemwita Cheche, ambaye amekuwa jirani yake tangu wote wawili wana nywele. Masikio alikuwa ameinamia injini ya teksi, mgongo wake umeelekea lango. Sikutoa salamu. Nilitembea moja kwa moja nikasimama ubavuni kwake, upande wa kushoto, karibu kiasi kwamba niliona jasho shingoni, na nikayatoa yote. Sikupiga kelele. Mimi nikikasirika kweli, sauti yangu hushuka.

"Unajua ni tairi la kushoto. Umejua siku zote. Unataka nife ndiyo uchukue gari la kaka yako? Au unataka nichoke tu? Sema. Ulimzika juzi, leo unamzika mkewe kwa beringi."

Masikio aliendelea kufungua nati. Alikuwa akivuma wimbo kwa chini, wimbo wa kujiliwaza mtu aliye peke yake. Nilisubiri ageuke. Hakugeuka. Nikaona huu sasa ni ujeuri wa mwisho, kuniacha nimesimama kama mlingoti. Nikataja jina la kaka yake, nikasema kwamba angekuwa hai angemwonea haya. Akafungua nati ya pili, akaiweka kwenye kopo, akajinyoosha kiuno, na katika kujinyoosha akaniona. Uso wake wote ukafunguka.

"Shemeji. Umefika saa ngapi? Mbona umesimama kimya?"

Najua uso wa mtu anayejifanya. Nimewatafuta watu wa namna hiyo maisha yangu yote. Ule haukuwa huo. Alifurahi kuniona, akaanza kutafuta kitambaa afute mikono anipe mkono, na hakukuwa na hata chembe ya maneno yangu machoni mwake.

Alipokwenda bombani kunawa, Cheche aliinua ile barakoa yake ya kuchomelea. Alikuwa ameyasikia yote, niliona kwa jinsi alivyokwepa macho yangu.

"Yale maneno umeyamwaga bure, dada," alisema polepole. "Na bora hivyo. Upande ule hasikii."

"Tangu lini?"

"Mwaka sasa, au zaidi. Wote hapa tunajua. Tukitaka kumwambia kitu tunapita kulia."

"Na yeye?"

Akainua mabega. "Nani amwambie Masikio kwamba hasikii?"

Sijui niliona haya zaidi kwa lipi: kwa maneno niliyosema au kwa bahati kwamba hayakufika. Lakini hasira haikuisha, ilihama tu. Wanaume wazima wamezunguka uwanja mzima, wanapita kulia, wanamstahi rafiki yao, na magari mabovu yanatoka langoni. Nikamwambia Cheche hivyo. Akashusha barakoa yake.

Masikio aliporudi nilihakikisha nimesimama kulia kwake. Nilimwambia kelele bado zipo, na kwamba naomba anifanyie jambo moja la kipuuzi, kwa heshima ya kaka yake. Tairi la kushoto alisikilize kwa sikio la kulia.

"Hivyo sivyo, shemeji."

"Najua sivyo. Nifanyie."

Alinitazama kwa shaka, akamtupia jicho Cheche, akanitazama tena. Alihisi tumekula njama. Hata hivyo akaleta jeki, akainua, akapiga goti mbele ya tairi la kushoto. Mkono wake, kwa mazoea, ukapeleka mpira kwenye sikio la kushoto. Nikatikisa kichwa. Akauhamisha. Kisha akazungusha tairi, mara moja tu, na mkono wake ukasimama.

Alikaa vile na mpira sikioni wakati tairi lenyewe limekwisha simama. Akahamisha mpira kushoto, akazungusha. Akaurudisha kulia, akazungusha. Mimi niliyesimama hatua mbili nilikuwa nasikia kule kusaga bila mpira wowote.

"Nilidhani ni nta," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Nilikuwa natia mafuta ya uvuguvugu kila Jumapili. Ilianza ile homa niliyoumwa kabla ya msiba. Nilijua limepungua. Sikujua limekwisha."

Nikakaa kwenye tairi la akiba lililokuwa chini hapo, ili tuwe sawa. Akaendelea, bado anatazama tairi. "Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri mmeninunia. Wewe na wasichana. Nakuja nyumbani, nasema habari zenu, naona mnakaa tu, au mnanitazama kana kwamba nimesema jambo baya. Hapa gereji vilevile, naona watu wanacheka, sijui wanacheka nini, nikigeuka wananyamaza. Nikasema basi, tangu kaka aende, sina mtu tena."

Mwaka mzima nilikuwa nikimjibu kwa mkato, na nusu ya majibu hayo hata hayakumfikia. Ile nusu nyingine ilimfikia vizuri sana.

"Pale ulipokuja ukasimama," aliuliza, "ulikuwa unasema nini?"

Ningeweza kusema nilikuwa namsalimia. Cheche alikuwa amezima mashine yake, anasikia. Nikamwambia. Sikumwambia kila neno, lile la kumzika mke kwa beringi nililiacha, lakini nilimwambia kwamba nilidhani anaitaka pikapu, na kwamba nimedhani hivyo tangu siku ya tatu baada ya mazishi, kwa sababu ya maneno yake mwenyewe pale uani.

Alifikiri mpaka akayakumbuka. "Nilisema uniambie kwanza."

"Ndiyo. Ili uinunue."

"Ili nikukataze," alisema. "Niliona wanaume wawili msibani wanaizunguka, wanapigapiga bodi. Nikajua watakuja wakukute na shida zako. Mimi gari la kaka nilifanyie nini? Nina la kwangu limelala pale miaka minne sijalimaliza."

Ni kweli lipo, limeota majani mpaka dirishani. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, nikaishia kupenga kamasi.

Ile beringi ya kushoto alipoitoa ilikuwa imeungua, rangi yake imekuwa ya buluu, na vigololi viwili vimepasuka. Aliniwekea kiganjani, juu ya kitambaa. Akafunga mpya, akakaza, akajaribu kuizungusha kwa mkono, kisha akasema twende tukaijaribu palepale ilipolilia.

Tulipanda kilimani, tukageuza, tukaanza kuteremka. Kona ya kwanza, ya pili. Masikio alikuwa amejigeuza kwenye kiti, sikio la kulia amelielekeza sakafuni, mkono mmoja ameshika dashibodi. Tulipita kona ya nne. Nilikuwa nasikia upepo, na mlio wa kawaida wa injini, na madumu matupu yakigongana nyuma. Basi.

"Imenyamaza," aliuliza, "au ni mimi?"

"Imenyamaza."

Alinitazama kwa jicho la kushuku ambalo nalijua vizuri, maana ni langu. "Hunipaki mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Ningekupaka mafuta nikiwa kwenye mteremko huu?"

Hilo aliliamini. Akajiegemeza kitini, na kwa dakika chache alikuwa na furaha kabisa, mtu aliyemaliza kazi ngumu. Kisha nikaona furaha inamtoka. Midomo yake ilianza kucheza, kama anayehesabu kitu moyoni.

"Shemeji," alisema. "Ninaowakumbuka ni wa mwezi huu na ule uliopita. Kila aliyekuja na kelele za mbele, la kushoto nimemwambia zima."

"Wangapi?"

"Lori dogo la muuza mbao. Mwalimu mstaafu. Na yule mama mwenye gari la kubeba wanafunzi." Akatazama saa yake. "Wanatoka saa tisa."

Ilikuwa saa nane na robo. Nikamwambia tungeweza kumtuma Cheche kwa yule mama, aseme kuna kitu kimesahauliwa kukazwa, alilete gari gereji, mambo yaishe bila mtu kujua. Nilimwonea huruma. Habari ya namna hii ikitoka, nani tena atamletea gari fundi anayeitwa Masikio? Alitikisa kichwa. Alisema Cheche hawezi kujibu hata swali moja atakaloulizwa, na yule mama huuliza.

Nyumba ya mama huyo ina geti la bluu karibu na kisima, na gari lake lilikuwa limeegeshwa ndani, safi, viti vyake vidogo vimepangwa. Alitoka akifuta mikono. Alipomwona fundi wake amekuja bila kuitwa, na mimi shemeji yake nyuma, akasimama hapohapo.

"Kuna nini?"

"Nimekuja kulisikiliza tena gari lako kabla hujawafuata watoto," Masikio alisema. "La kushoto."

"La kushoto si uliniambia ni zima?"

"Nilikuambia." Alikuwa amevua kofia. "Sikusikia kitu, nikasema ni zima. Sikio la upande huo limekufa, mama. Nimejua leo."

Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akalitazama gari. Akaingia ndani kuleta ufunguo.